Hajapona, Lakini Ameketi Mezani



Mwaka jana gari liligonga mbwa kwenye barabara ya Kibwezi, hapa hapa nje ya Mutomo. Nilimpita. Nilikuwa nakimbilia ibada! Jioni nikamkuta bado yuko mtaroni, anapumua. Binti yangu akasema, "Baba, tumbebe." Daktari wa mifugo alimkata mguu mmoja wa nyuma, akamchanja dhidi ya kichaa, tukamchukua awe wetu. Jirani akaniuliza, "Pasta, mbwa wa miguu mitatu atalinda boma gani?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata 2 Samweli 9. Mefiboshethi, kiwete wa miguu yote miwili, alijiita mbwa mfu mbele ya Daudi. Mfalme hakumwuliza atafanya kazi gani. Kwa ajili ya Yonathani, alimrudishia mashamba ya babu yake Sauli, akampa nafasi mezani pake siku zote. Sasa angalia sura hiyo inavyoisha: bado ni kiwete! Hakungoja apone ndipo aketi.

Wapendwa, tunaombea wagonjwa, na Mungu anaponya. Lakini yule ambaye hajapona, tumemketisha wapi? Kuna mtoto anayefungiwa nyumbani kila Jumapili kwa sababu hatembei, na mzazi wake anatuonea haya sisi. Mlete. Kama hakuna wa kumbeba, niambie, nitakuja mimi mwenyewe kabla ya ibada. Niliwahi kupita nikikimbilia kanisani. Sitarudia.

Amina.