Majumba Marefu Kandokando ya Al-Kaaba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeifanya Nyumba yake kuwa marejeo ya watu na mahali pa amani; na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Kila arejeaye Hija miaka hii huja na khabari za magorofa ya Makka. Mwaka 2002 ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Waturuki katika karne ya 18, ilivunjwa pamoja na kilima chake. Mahali hapo, mkabala wa Msikiti Mtakatifu, imesimama minara saba ya mahoteli na maduka, iliyotimia mwaka 2012, na ule mkubwa wenye saa una urefu wa mita 601. Na Al-Kaaba yenyewe haitimu mita 15. Chumba ambacho dirisha lake laelekea Al-Kaaba kina bei yake, na kilichoipa mgongo kina bei nyingine. Na asiyeviweza vyote viwili hupanga mbali, akaja sala kwa miguu au kwa gari.

Basi watu huuliza: Je, haya ni halali? Yapasa kujibu kwa elimu, si kwa hasira. Mwenyezi Mungu amejulisha katika Suratul Hajj ya kwamba Msikiti Mtakatifu ameuweka kwa watu wote, mkaazi na mgeni wakiwa sawa. Imamu Abu Hanifa aliona usawa huo waenea mji mzima, akachukia nyumba za Makka kukodishwa kwa mahujaji. Na imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar aliwakataza watu wa Makka kutia milango nyumba zao wakati wa Hija, ili mgeni apate kushukia atakapo. Ama Imamu Shafi amesema usawa huo ni wa Msikiti, na nyumba ni milki ya wenyewe, zauzwa na zakodishwa. Na hoja yake ni jawabu ya Mtume (S.A.W.) alipoulizwa atashukia wapi Makka, naye akauliza kama Aqil amewaachia nyumba yo yote; ikajulikana ya kuwa Aqil alizimiliki, na kuuza kwake kukapita. Hii ndiyo madhehebu ya watu wa pwani hii. Kwa hiyo mwenye hoteli hasemwi ya kuwa ala haramu kwa kupokea kodi, wala aliyepanga hana dhambi kwa kupanga.

Lakini halali ya kodi ni jambo moja, na kuitia ibada sokoni ni jambo jingine. Yatazamwe mambo matatu.

La kwanza ni sala. Yako mahoteli yanayotangaza ya kwamba mgeni aweza kumfuata Imamu wa Msikiti hali yumo chumbani mwake, kwa kuisikia sauti na kuiona Al-Kaaba kiooni. Mwenye madhehebu ya Shafi asighurike. Maamuma aliye nje ya msikiti ameshurutishwa asiwe mbali nao zaidi ya kadiri ya dhiraa 300, wala pasiwe baina yao kizuizi cha kuzuia kuona au kupita. Kioo, ijapokuwa chaonyesha, hakipitiki. Na neno lililo sahihi zaidi ni kuwa hicho ni kizuizi. Basi aliyelipa ghali ili asishuke chini amenunua chumba, hakununua jamaa.

La pili ni Mina. Sahaba walitaka kumjengea Mtume (S.A.W.) kivuli huko, akakataa, akajulisha ya kuwa Mina ni kituo cha aliyetangulia kufika. Leo hema iliyo karibu na Jamarati ina bei kubwa, na iliyo mbali ina bei ndogo. Hata mzee dhaifu hutembea mbali, na kijana mwenye mali akalala karibu.

La tatu ndilo zito. Mwaka 2024, katika joto lililopita nyuzi 50, walikufa watu 1,301 katika Hija, kama ilivyotangaza serikali ya Saudia. Na katika kila 100 waliokufa, 83 walikuwa hawana ruhusa, wakatembea mwendo mrefu juani bila ya hema wala mapumziko. Na sababu moja kubwa ya watu kwenda bila ya ruhusa ni gharama ya Hija kupanda.

Enyi ndugu Waislamu! Hija ni faradhi ya mwenye uwezo, naye ni yule aliye na masurufu na kipando na njia ya amani, baada ya kulipa madeni yake na kuwaachia watu wake chakula mpaka arudi. Asiye na hayo hana dhambi wala aibu. Basi asiuze shamba la wanawe, wala asiingie kwa mlango wa nyuma, kwa kuogopa maneno ya barazani. Na wenye kusema barazani, nao wachunge ndimi zao, wasije wakawa ndio waliomsukuma mtu mauti.

Na mwenye mali akumbuke ya kuwa Mtume (S.A.W.) alihiji juu ya tandiko kuukuu, na shuka isiyopata thamani ya dirhamu nne, akimwomba Mola wake Hija isiyo na ria. Tofauti ya kodi ya vyumba viwili yaweza kumlipia jirani deni lake. Atakayechagua chumba cha mbali, akaitoa tofauti hiyo kwa siri, huenda akawa karibu zaidi na Mwenye Nyumba kuliko aliyelala dirishani pake.

Mwenyezi Mungu awatakabalie mahujaji Hija zao, awarehemu waliofia njiani, na awape wenye kutamani njia ya halali. Amin.