Mama wa Mapacha Asikutwe Njiani

Twasoma katika kitabu cha Mwanzo habari za Raheli, mke wa Yakobo. Uchungu ulimshika safarini, kabla hawajafika Efrata. Akamzaa Benyamini, akafa, akazikwa kando ya njia. Yakobo alimpenda sana mkewe, wala hakukosa imani. Lakini saa ilimkuta njiani.

Njia ya namna hiyo twaijua. Huteremka kutoka Mgeta, Matombo na Kinole mpaka Morogoro mjini, na wakati wa masika tope lake huwashinda hata vijana wa pikipiki. Ni njia ngumu kwa kila mja mzito. Kwa mwenye mapacha hatari huzidi. Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Mama yao huelekea zaidi kupungukiwa damu na kupatwa na kifafa cha mimba. Pengine mtoto mmoja hulala vibaya tumboni. Tena baada ya kujifungua, tumbo la uzazi lililotanuka mno huenda lisijikaze upesi, damu ikamwagika kwa wingi. Mengi ya hayo hutokea mwishoni, wakati jamaa wanaposema, “Zimebaki siku chache tu.”

Wataalamu hutaja kuchelewa kwa namna tatu kunakoua akina mama: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Huko kwa tatu wataulizwa wenye kuendesha hospitali. Kwa mbili za kwanza tutaulizwa sisi.

Katika nyumba nyingi mama mwenyewe hana neno la mwisho. Mume yuko mbali, mjomba hajaulizwa, na bibi asema yeye alizaa wanane bila kisu. Wazee twawaheshimu. Lakini kichwa kikimwuma mama sana, macho yakiingia kiwi, uso na mikono ikivimba, akipata maumivu makali chini ya mbavu, akitokwa na damu au maji, au watoto wakipunguza kucheza, hiyo si saa ya baraza, ni saa ya safari. Baraza lifanyike mimba ingali changa: ruhusa itolewe siku hiyo, fedha iwekwe, na watakaotoa damu wajulikane. Hata Rebeka, aliposikia mapacha wakishindana tumboni mwake, hakunyamaza. Alikwenda kumwuliza Bwana. Mama anayeuliza asiitwe mwoga, wala anayepasuliwa asiitwe mvivu.

Wako watakaotujibu, “Mungu yupo.” Naam, yupo, lakini tumekatazwa kumjaribu. Bikira Maria alimwamini Mungu kuliko sisi sote, naye aliposikia habari za Elizabeti hakutuma salamu tu. Alikwenda kwa haraka mpaka nchi ya milima, akakaa naye yapata miezi mitatu.

Sisi twaweza kumwiga kwa kuwapokea wanaoteremka kutoka milimani. Ndugu wa Mwembesongo, nyumba zenu zimezoea wageni kutoka Uluguru: wanafunzi, wagonjwa, wachuuzi wa ndizi na mboga. Hospitali ya rufaa ya mkoa imo mjini humu. Mpokeeni na mama wa mapacha majuma machache kabla ya siku zake, kama atakavyoshauriwa na daktari au mkunga. Ahitaji kitanda, uji, na mtu wa kumsindikiza usiku akiita. Mzigo huo usiachiwe nyumba moja. Jumuiya nzima iuchukue, kwani kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Naye aliyebaki kijijini ajue namba 115 ya mpango wa M-Mama, ulioanza kuenezwa nchini pote mwaka 2022 ili kuwasafirisha akina mama walio hatarini.

Mtu asiseme kwamba kazi hiyo ni bure. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Waliokombolewa hivyo hawakukombolewa kwa bahati. Walifika kwa wakati, wakakuta mikono tayari.

Hata hivyo huenda Kulwa akaishi na Doto asiishi. Hapo twaomba mtu asimwambie mama, “Shukuru, unaye mmoja.” Alibeba wawili, na huyo aliyekufa ana haki ya jina, kaburi na machozi. Kaeni naye, mpikieni, msaidieni kumlea aliyebaki, ambaye pengine ni mdogo sana na huhitaji kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hatuwezi kuuchukua kwa niaba yake. Lakini njia twaweza kumfupishia. Juma hili kila jumuiya iulize: ni nani kati yetu, au kati ya jamaa zetu milimani, aliye mja mzito wa mapacha, naye atalala wapi?