Mwimbaji na Amana ya Ulimi

Ziko jioni ambapo watu wa Kiwalani, wakishatoka kusali Isha, hukaa barazani wakabishana juu ya jambo moja mpaka usiku ukawa mkubwa. Mtu ambaye kazi yake ni kuimba na kuwafurahisha watu, anapopanda jukwaa la siasa akasema mchagueni fulani, amefanya nini? Ametumia haki yake kama raia mwingine yeyote, au ameuza kitu kisichokuwa chake?

Ubishi huu haukuzuka bure. Katika kampeni za mwaka 2025 waimbaji wengi mashuhuri wa nchi yetu walionekana katika majukwaa ya chama tawala. Kisha ikafika siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba. Kukatokea maandamano, watu wakauawa, na intaneti ikafungwa. Ilipofunguliwa, vijana waliokuwa wamezihifadhi nyimbo za waimbaji hao waliwageukia, wakawatukana na kuwasusia. Wako waliosema kuwa wamestahiki. Wako waliojibu kuwa mwimbaji ni mfanyabiashara tu, na mwenye duka haulizwi kamwuzia nani sukari. Kauli zote mbili, kwa maoni yetu, zimelipita jambo lenyewe kando.

Hatukusudii hapa kuingia katika hitilafu za wanavyuoni juu ya ala za muziki. Mlango huo una wenyewe, na wameupigania kwa karne nyingi. Sisi tunazungumzia ulimi, na ulimi una hukumu yake uwe na zeze au usiwe nalo.

Dini yetu haikumwona mshairi kuwa mtu mdogo. Sura nzima ya Kurani imeitwa kwa jina la washairi, na mwisho wake umewashutumu wale ambao maneno yao hayana uhusiano na vitendo vyao, kisha ukawatoa katika shutuma hiyo walioamini na wakatenda mema. Mtume (s.a.w.) alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit, na imepokewa kuwa aliwekewa mimbari msikitini ili awajibu maadui kwa mashairi. Kwa hiyo anayesema kwamba mwenye kipaji cha maneno hana haki ya kuingia katika mambo ya umma, hilo amelitoa kwake mwenyewe.

Lakini alikuwako mshairi mwingine zama hizo, jina lake Al-Hutay'a, ambaye alikula kwa ulimi wake. Aliyempa alisifiwa na aliyemnyima alitukanwa. Siku moja akamtukana Az-Zibriqan bin Badr, naye akashtaki kwa Sayyidna Umar (r.a.). Umar hakukata hukumu kwa hasira. Alimwita Hassan bin Thabit, kwa kuwa ni fundi wa kazi hiyo, akamwuliza kama maneno yale kweli ni tusi. Hassan akathibitisha, na Al-Hutay'a akafungwa. Kutoka kifungoni akapeleka mashairi kueleza hali ya watoto wake wadogo waliobaki bila ya mlezi, Umar akalia, akamfungua. Inasimuliwa kuwa hakumwacha hivihivi: alizinunua heshima za Waislamu kutoka kwake kwa dirhamu 3,000, ili asimtukane mtu tena.

Kisa hiki kina mengi, nasi tunataka moja tu. Umar aliisikia njaa ya watoto na akaitafutia dawa. Lakini njaa ile hakuifanya kuwa ruhusa ya kuukodisha ulimi.

Sasa turudi kwetu. Chukua kijana wa Kiwalani mwenye sauti nzuri. Anakaa chumba kimoja cha kupanga, ndege zinapita juu ya paa lake kwenda kutua uwanjani, na mvua ikinyesha anahamisha godoro. Anaimba juu ya nauli, kodi ya nyumba na mama anayekaanga mihogo, na watu wanamsadiki kwa kuwa wanamjua: huyu ni wetu, anayoyasema ameyaona. Nyimbo zinapata nguvu, jina linakua. Kisha anakuja bwana mmoja na bahasha.

Je, bwana yule ananunua nini? Hanunui sauti, maana sauti nzuri ni nyingi na vipaza sauti anavyo. Ananunua ule usadiki wa watu wa Kiwalani. Anataka kijana yule aseme neno la chama kwa mdomo uleule uliosema habari za mama wa mihogo, ili msikilizaji asitambue pale ushahidi ulipokoma na kibarua kikaanza. Na usadiki huo si mali ya kijana. Waliuweka kwake majirani, kama vile mtu anavyomwekea jirani yake fedha za kikoba. Hiyo ndiyo maana ya amana.

Wanavyuoni wa fiqhi walilitazama jambo hili zamani katika mlango wa ushahidi. Mshirika hamshuhudilii mshirika wake katika mali wanayoshirikiana, na wako walioukataa hata ushahidi wa mtumishi wa mtu kwa bwana wake. Hawakusema kuwa kila mmoja wa hao ni mwongo. Huenda akawa anasema kweli tupu. Walisema kwamba mwenye kujivutia manufaa anatuhumiwa, na kadhi hawezi kuiacha haki ya watu juu ya ulimi wenye tuhuma. Basi mwimbaji aliyelipwa anaposimama na kutuapia kwamba kiongozi fulani ni mwema, huenda kiongozi ni mwema kweli. Sisi lakini hatujapata ushahidi wowote, tumepata wimbo.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kumlaumu kila aliyeimbia chama. Kapteni John Komba, aliyefariki mwaka 2015, aliongoza Tanzania One Theatre, kundi la chama lililoanza pale vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Alikuwa mtu wa chama, akaishi nacho, akawa mbunge wake. Aliposifu, kila mtu alijua nani anasema na kwa nini. Unaweza kuzichukia nyimbo zake, lakini huwezi kusema ulidanganywa. Kabla ya hapo, NUTA Jazz ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi na Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa, na wasikilizaji walilijua hilo walipozisikia sifa za serikali. Mwenye akili alingoja fumbo. Waswahili hatukuanza jana kusema jambo kwa kulizunguka.

Wala hatusemi kuwa mwimbaji anyamaze. Bibi Titi Mohamed, mwanamke Mwislamu wa mji huuhuu wa Dar es Salaam, alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955, alipokuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wako wapi wanawake wa TANU, Bibi Titi ndiye aliyejitokeza. Alikwenda kwa vikundi vya ngoma, kwa wanawake waliomjua kwa kuimba naye, akawaingiza chamani. Kwa muda wa miezi michache walihesabiwa kwa maelfu. Naye pia alitumia usadiki alioupata katika ngoma, tena wote. Tofauti ni kwamba hakulipwa kwa kuutumia. Bali alikuja kulipa yeye: alijiuzulu nafasi zake mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, akashtakiwa kwa uhaini mwaka 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, na akaachiwa mwaka 1972. Kuhusu kesi ile kila mtu ana maoni yake. Lakini hakuna aliyeweza kusema kuwa Bibi Titi alikuwa akikariri maneno ya kukodi.

Karibu zaidi na siku zetu, mwezi Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake uitwao "Wapo", kisha akaachiwa kwa amri ya Rais Magufuli mwenyewe, ambaye alisema wimbo upigwe. Siku chache tu baadaye, Aprili 2017, Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa kutoka studio jijini na wakapatikana baada ya siku tatu wakiwa wameumizwa. Mwimbaji anayayaona haya yote. Anaona kwamba usalama wa mwenzake umetegemea furaha ya mkubwa asubuhi ile. Mtu akinyamaza baada ya hapo, sisi hatuthubutu kumwita mnafiki. Kusema neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kumehesabiwa katika jihadi bora, na jambo linaloitwa bora si la kumdai kila mtu kama kodi ya kichwa. Kunyamaza si kushuhudia uongo.

Ndiyo maana ghadhabu ile ya mwisho wa 2025 ilichanganya watu wasiochanganyika: aliyelipwa akasifu, aliyesifu kwa kuamini, na asiyesema kitu. Kumsusia mtu ni haki yako. Sikio ni lako. Ama kumvunjia mtu duka, au kumtukania mama yake kwa kuwa aliimba, hiyo ni dhulma, na haigeuki kuwa haki kwa sababu aliyetendewa alikosea.

Tena liko jambo ambalo barazani halisemwi. Nyimbo za huyu kijana tunazisikiliza bure. Zamani tulinakili kaseti, leo tunarushiana kwa simu, na senti haimfikii. Tunataka ulimi wake uwe huru, na chakula chake tumemwachia mwenye bahasha. Umar alitoa dirhamu 3,000. Sisi tumetoa nini?

Kwa ratiba ya nchi, uchaguzi mkuu ujao ni mwaka 2030, na bahasha zitatembea tena kabla ya hapo. Ikiwa kijana wa Kiwalani ataona hana budi kuipokea, na aipokee kama fundi anavyopokea ujira: apande, aimbe alichokodiwa, ashuke. Asiongeze neno la "mimi kama mtoto wa hapa nawaambia". Neno hilo moja ndilo bwana yule alilolifuata, na akilikataa, aone kama bei ya bahasha itabaki ileile.