Radhi za Wazazi na Uchaguzi wa Chuo

Neno "chuo" zamani katika pwani hii lilikuwa na maana moja: mahali pa mwalimu, ubao, wino na juzuu ya Amma. Baba alimpeleka mtoto, akasema na mwalimu maneno machache, na mtoto hakuulizwa. Siku hizi chuo ni jambo jingine. Kijana amalizapo skuli ya sekondari hutakiwa aandike, kwa jina lake na nambari yake ya mtihani, ni chuo kipi akitakacho na masomo gani. Na nyuma ya mkono wake uandikao wamesimama baba na mama, na nyuma ya baba wamesimama maami, majirani na watu wa barazani. Hapo ndipo lizukapo swali lifaalo kutazamwa kwa utulivu: je, kijana akiandika chuo kisichopendwa na wazazi wake, amewaasi? Na baba akimwambia, "Ukiandika hicho, radhi yangu huna," neno lake hilo lina uzito gani katika sharia?

Radhi si neno la mchezo katika pwani. Kijana aweza kustahimili njaa, na kusafiri, na kulala chumba kimoja na wenziwe watano. Lakini akiambiwa kuwa amekosa radhi huona dunia yake imemfunga na akhera yake imo hatarini. Basi mwenye kulishika neno hilo ameshika silaha kali, na si kila ugomvi wa nyumbani uistahilio.

Haki ya wazazi haina shaka. Katika Sura ya Bani Israil, aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu ameifuatisha amri ya kuwatendea wema wazazi na amri ya kumwabudu Yeye peke yake, akakataza hata lile neno dogo la kuonyesha kuchoka nao. Na katika Sura ya Luqman, aya ya 15, imekuja hali ya wazazi wamlazimishao mtoto wao ushirikina: hawatii katika hilo, lakini hukaa nao duniani kwa wema. Ni kweli kwamba kuchagua chuo si ushirikina, wala haifai kijana kuifanya aya hii ngao ya kila alipendalo. Lakini pana jambo ndani yake ambalo wengi hulipita upesi, nalo ni kwamba kutii na kukaa kwa wema yametajwa kuwa mambo mawili. Lile la kwanza laweza kuondoka na la pili likabaki palepale.

Wanavyuoni wameuweka mpaka wa kutii katika mambo ya halali. Ibn Taymiyya alisema kuwa mzazi hana haki ya kumlazimisha mtoto kuoa asiyemtaka, na mtoto akikataa hahesabiwi kuwa mwasi. Akalinganisha na mtu asiyeweza kulazimishwa kula chakula kinachomchukiza, kwani uchungu wa chakula ni wa kitambo, na uchungu wa mwenzi asiyependwa ni wa muda mrefu. Na masomo ya udaktari ni miaka mitano au sita, na baada yake mwaka wa mazoezi hospitalini, kisha umri mzima wa kazi. Na akadirie kila mzazi ni lipi kati ya hayo lifananalo na chakula na lipi lifananalo na ndoa.

Na Imam Nawawi, ambaye Minhaji yake imesomeshwa katika darasa za pwani hii kizazi baada ya kizazi, ameeleza katika mlango wa jihadi kwamba mtoto haendi vitani ila kwa idhini ya wazazi wake. Kisha akaitoa katika hukumu hiyo safari ya kutafuta elimu iliyo faradhi juu ya kila mtu, na kadhalika, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, elimu ya faradhi ya kutosheleza. Na utabibu, hesabu, na sanaa ambazo watu hawana budi nazo, zote zimo katika faradhi hiyo ya kutosheleza. Hii haina maana kwamba kijana asiwatake shauri wazee wake. Kutaka shauri ni adabu, na asiye na adabu hiyo elimu yake haitamfaa sana. Maana yake ni kwamba hukumu ya uasi haimshukii kwa kuchagua tu.

Khabari za Imam huyo mwenyewe zafaa kuzingatiwa zaidi kuliko kauli yake. Alizaliwa Nawa, katika nchi ya Sham, mwaka 631 wa Hijra, na baba yake alikuwa na duka. Alimweka mwanawe dukani, naye yule mtoto hakuishughulikia biashara, akawa asoma Kurani tu. Shekhe mmoja alimwona akiwa na umri wa kama miaka kumi, akatambua alichonacho, akawausia wakubwa wake juu yake. Baba akakubali. Alipotimia miaka 19 alimpeleka mwenyewe Dameski kusoma, na Imam akawa aishi huko kwa chakula aletewacho kutoka kwao.

Na huko Dameski lilitukia jambo jingine. Ilimjia fikra asome utabibu, akanunua kitabu cha Qanuni cha Ibn Sina. Moyo wake ukaingia giza, akakaa siku kadhaa hawezi kufanya lolote, hata alipotambua sababu akakiuza kitabu kile, na nuru ikamrejea. Utabibu si kitu kibaya. Imam Shafii, ambaye Nawawi alikuwa katika madhehebu yake, aliusifu sana. Lakini haukuwa wake. Lau baba yake angalikuwa mtu wa kutaka jina, akamwandikia kwamba asirudi Nawa ila ni tabibu, huenda Sham ingalipata tabibu mmoja dhaifu, na Waislamu wangaliikosa Minhaji.

Baba mwenye kulitaka jina la daktari ataweza kujibu kwamba Imam Ghazali, katika mlango wa elimu wa Ihyaa, aliwalaumu Waislamu kwa kuwa miji yao haina tabibu ila watu wa dini nyingine. Jibu hilo ni zuri, na lisomwe mpaka mwisho. Ghazali alilaumu kwamba watu walisongamana katika fiqhi, na mafakihi walikuwa wengi kupita haja, kwa sababu fiqhi ilileta ukadhi, usimamizi wa wakfu na kushika mali za mayatima. Lawama yake ilikuwa juu ya kukimbilia cheo na kuiacha haja ya watu. Zama zake cheo kilikuwa katika fiqhi. Zama hizi kimehamia katika udaktari, uanasheria na uhandisi. Mwenye kumsukuma mwanawe huko kwa ajili ya cheo afanya lile lile alilolilaumu Ghazali, ijapokuwa mlango umebadilika. Wala cheo chenyewe hakina dhamana: mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma karibu miezi miwili, na miongoni mwa madai yao ni madaktari wapya kupewa nafasi za mazoezi na malipo yao.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianzishwa Mombasa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, iliyojulikana kwa kifupi MIOME, kwa michango ya Sultani wa Unguja, Aga Khan, Mabohora na serikali ya wakati ule. Haikujengwa kwa ajili ya vyeo. Ilijengwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wajifunze ufundi, wa umeme, wa mitambo na mfano wa hayo. Nyumba hiyo, baada ya kubadilishwa majina mara kadhaa, ndiyo leo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichopata hati ya chuo kikuu mwaka 2013. Na leo wako wazazi wa mji huo huo waonao haya mtoto wao akitaka kusoma ufundi hapo, kwa kuwa mtoto wa jirani amekwenda Nairobi. Hiyo ni hesabu ya barazani, na malipo yake hutolewa katika umri wa kijana.

Hata hivyo, si insafu kuwahukumu wazazi wote hivyo. Wengi wao walikosa skuli, au wazee wao waliwazuia kwa kuogopa skuli za mishonari, nao waliona jinsi kazi zilivyowapita. Tamaa yao juu ya mtoto ina khofu ndani yake, na khofu hiyo ina haki ya kusikizwa. Tena si kila kijana asemaye "moyo wangu hautaki" ameusikiliza moyo wake. Mwingine amewafuata rafiki zake, na mwingine akimbia hesabu. Kwa hiyo baba ana haki ya kuuliza na kutaka hoja, na kijana ni wajibu wake kuileta: alama zake katika masomo yatakiwayo, miaka ya kusoma, ada, na kazi iliyoko mbele.

Alama husema mengi. Nchini Kenya kijana aliyepata daraja ya C+ aweza kuomba shahada, lakini masomo ya udaktari hutaka alama za juu sana katika baiolojia na kemia, na nafasi ni chache. Baba amlazimishaye mwenye alama za wastani kuandika udaktari peke yake humfungia na ile milango ambayo angaliingia.

Kosa baya la upande wa kijana ni hila. Maombi hujazwa kwa simu, na baba hukaa karibu akasomewa chaguo, akaridhika, akalala. Usiku kijana huingia tena akabadilisha. Huyo amesema uwongo kwa mzazi wake, na uwongo huo ni dhambi hata kama chuo alichokichagua ndicho kimfaacho. Angalisema mchana kwa sauti ya upole, "Baba, siwezi hilo, na sababu zangu ni hizi," angalikuwa amekataa bila ya kuasi.

Limebaki suala la mali. Baba hulipa ada, na pengine ameuza kiwanja au chombo chake cha bahari kwa ajili hiyo. Mali ni yake, naye aweza kusema, "Kwa masomo hayo sina fedha za kutoa," na kijana hana la kumdai; atatafuta mkopo wa serikali, au kazi, au atangoje mwaka. Lakini kusema sina fedha ni jambo moja, na kusema sina radhi ni jambo jingine. Yafaa baba na mwanawe wakae wayatenge mambo hayo mawili, mama yake akiwapo, kabla ya siku ya kufungwa maombi. Kwani baada ya siku hiyo jina la chuo halibadiliki kwa kunung'unika kwa baba wala kwa kilio cha mtoto.