Falsafa na Baraza la Kijiji

Watu wengi wakisikia neno falsafa hudhani ni kitu cha chuo kikuu, kisichowahusu wakulima na wavuvi. Sisi twaona sivyo. Falsafa kwa asili yake ni kupenda hekima, na mwanzo wa hekima ni kuuliza: Neno hili ni kweli? Twajuaje? Je, ni haki? Maswali hayo huulizwa hata chini ya mwembe.

Na tumtazame mtu wa kwetu. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Hakusoma chuo kikuu, wala nchi yetu haikuwa nacho mpaka mwaka 1961. Alikuwa karani wa serikali aliyependa kuandika. Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake Kusadikika, habari za nchi iliyo angani. Humo Karama ashitakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria. Mbele ya mfalme asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi nyingine kutafuta mema, nao waliporudi walitiwa gerezani. Mwisho mfalme akamwacha huru.

Jina la nchi hiyo latokana na kusadiki, na hapo ndipo penye fundisho. Kusadiki si kosa. Kosa ni kumfunga kinywa anayeuliza.

Basi turudi kijijini. Mtoto amekufa, na bibi mzee jirani asingiziwa uchawi. Barazani wote waitikia, "Ndiyo, ndiyo." Akisimama mmoja akauliza, "Nani aliyeona? Mtoto aliugua nini? Kama bibi huyu angekuwa mama yako, je?" mtu huyo afanya kazi ya mwanafalsafa, ijapokuwa hana shahada. Pengine atachukiwa. Lakini asiposema, bibi atafukuzwa nyumbani mwake au kuuawa, nasi tulionyamaza tutakuwa na hatia.

Wengine husema kwamba maswali huvunja heshima ya wazee. Kweli, yako maswali ya kiburi, yanayotaka kushinda tu. Walakini mwenye hekima huuliza kwa adabu, na yeye pia hukubali kuulizwa. Heshima ya mzee haivunjwi na swali, bali na hukumu ya uongo.

Wenye vyuo na wasome vitabu vyao vikubwa, nasi twawashukuru. Lakini siku ile ya baraza hawatakuwapo, tutakuwapo sisi. Basi, ndugu wasomaji, tujizoeze kuuliza tangu sasa, katika mambo madogo ya nyumbani, ili siku ya jambo kubwa ndimi zetu zisiwe nzito.