Ukuta wa Jirani

Wako wasemao kuwa taifa likipata rafiki mwenye silaha, jirani mshindani hutulia kwa hofu. Wako pia wasemao kuwa hofu hiyohiyo ndiyo imwamshayo. Yafaa tuzipime kauli hizi mbili, maana gharama ya kukosea hulipwa kwa damu.

Katika bonde la Msimbazi, pale Jangwani, ajengaye ukuta kuyazuia mafuriko hayamalizi maji. Huyaelekeza kwa mwenziwe. Nia yake ni kujilinda tu, lakini jirani hapimi nia. Hupima maji yaliyo mlangoni pake. Mapatano ya kijeshi ni ukuta wa namna hiyo.

Tutazame yaliyotupata. Mwaka 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote, na Tanzania ikampa Obote hifadhi. Kwetu ilikuwa haki ya mgeni. Kwa Amin lilikuwa jeshi lingojalo. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kutoka Tanzania wakashindwa, na Libya ikapeleka askari kumsaidia Amin. Oktoba mapatano ya amani yalitiwa sahihi Mogadishu. Mapigano yalikoma, hofu haikukoma.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, yakaua watu na kupora mifugo. Tanzania iliyafukuza, kisha ikavuka mpaka. Machi 1979 Libya iliitaka iondoke Uganda katika muda wa saa 24, la sivyo ingeingia vitani. Nyerere hakurudi nyuma. Askari wa Libya walikuwa wamekwisha kupigana Lukaya wakashindwa, na tarehe 11 Aprili Kampala ikatekwa. Tishio la rafiki halikuzuia vita, liliongeza makaburi.

Je, taifa likae peke yake? Hasha. Mnyonge asiye na mwenzi humtamanisha mnyang'anyi. Lakini urafiki wa silaha una sharti lake: rafiki awe na ulimi wa kukataza kabla ya kuwa na mkono wa kusaidia. Ampaye mwenzake bunduki bila kumkanya humwongezea ujasiri bila kumwongezea busara. Sharti hilo halimhusu mgeni wa mbali tu. Lamhusu pia mwenyeji ambaye wageni wake huvuka mpaka na silaha. Basi, tusiulize tu rafiki yetu ana majeshi mangapi. Tuulize kama aweza kutuambia, "Acha," nasi tukasikia.