Punda Aliyegeuka Chumvi

Mafakihi wa zamani walikuwa na swali ambalo mtu wa leo anaweza kulidhania la mchezo. Punda akitumbukia kwenye shimo la chumvi, akafa humo, mwili wake ukaliwa na chumvi mpaka wote ukawa chumvi, je, chumvi hiyo yafaa kutiwa mchuzini? Wanazuoni wa Kihanafi wanaofuata kauli mashuhuri ya madhehebu yao walijibu kwamba ni twahara: mzoga haupo tena, kilichopo ni chumvi, na chumvi haibebi hukumu ya punda. Wa Kishafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, hawakukubali. Kwao kilicho najisi kwa dhati yake hakitwahiriki kwa kugeuka, ila katika mambo machache kama ngozi iliyodabighiwa na mvinyo uliojigeukia siki bila kutiwa kitu. Hata jivu la samadi wameliacha katika unajisi wake. Mgeuko huu huitwa istihala, na ndani yake limo swali lisilowahusu mafakihi peke yao: uchafu unapoondoka, huwa umekwenda wapi?

Pahali pazuri pa kulijaribu swali hilo ni kiwanda cha karatasi. Njia ya krafti, iliyobuniwa na Carl Dahl huko Danzig mwaka 1879, ni kupika vibanzi vya mti kwa haidroksidi na salfaidi ya sodiamu katika joto la karibu nyuzijoto 170, mpaka iyeyuke lignini, ile gundi inayoushikamanisha mti. Nyuzinyuzi zinazobaki zikishaoshwa ndizo rojo la karatasi. Lakini karibu nusu ya mti haimo katika rojo. Imo katika maji ya kupikia, pamoja na dawa zote. Kila tani ya rojo huacha nyuma tani 7 hadi 10 za maji haya meusi. Yakimwagwa mtoni, vijidudu vinavyoyaozesha humaliza hewa ya majini, na magadi yake makali hufanya mengine. (Katika fikihi maji haya si najisi hata kidogo, kwa kuwa mti na magadi ni vitu twahara. Nayatumia kama mfano tu, na mfano haulazimiki kufanana na asili yake kwa kila jambo.)

Sasa, katika maji hayo meusi ni asilimia 15 tu iliyo yabisi. Hayawashiki. Sharti maji yatolewe mpaka yabisi ipite asilimia 65, ndipo uji ule mzito unyunyizwe tanurini. Hiyo ndiyo kazi ya mitambo ya kuvukiza, na ni kazi ghali kuliko inavyodhaniwa. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 hutaka kama kilojuli 335. Kuigeuza kilo hiyohiyo, iliyokwisha kuchemka, kuwa mvuke hutaka 2,257, karibu mara 7, na muda wote huo kipimajoto hakipandi. Hila iliyofanya jambo hili liwezekane ni kupanga vyombo kwa safu, sita kwa mfano, kila kimoja kikiwa na shinikizo dogo kuliko kilichokitangulia. Maji huchemka kwa joto dogo pale shinikizo linapopungua, kwa hiyo mvuke uliotoka chombo cha kwanza hutosha kuchemsha cha pili, wa pili ukachemsha cha tatu, hivyo hivyo. Tani moja ya mvuke iliyotoka kwenye boila huondoa tani 5 hivi za maji. Tanurini, lignini huwaka na kutoa mvuke wa kuendeshea kiwanda, na dawa huchuruzika chini zikiwa zimeyeyuka kama uji wa moto, zikakusanywa, zikatiwa chokaa na kurudi kupika vibanzi vingine. Kiwanda kilichosimama vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 95 ya dawa zake.

Mwanaanthropolojia Mary Douglas, katika kitabu chake cha mwaka 1966 juu ya usafi na hatari, alishikilia kwamba uchafu ni kitu kilichokaa pasipo mahali pake. Ni kauli inayotosha kwa viatu vilivyowekwa juu ya meza ya chakula. Kwa maji meusi haitoshi, kwani samaki hafi kwa sababu utaratibu wa watu umevurugwa. Wala kusema kwamba uchafu umo ndani ya kitu chenyewe hakutoshi, maana maji yaleyale yanayoua mtoni ndiyo kuni na dawa kiwandani. Kilichobadilika kati ya mtoni na tanurini ni jambo la tatu: kama yupo anayeyajibikia. Nasema basi kwamba taka ni kitu kilichokanwa, na kwamba kusafisha ni kuacha kukana. Mhanafi amepatia kuhusu maumbile: kitu hugeuka kweli, na hukumu ya jana haikiandami milele. Ila punda wake aligeuka bure. Maji meusi hayageuki bure. Kila tani ya maji inayotolewa imelipiwa joto.

Hapo ndipo Mshafii, ambaye huonekana mkali bila sababu, anapoonyesha kwamba ni mhasibu mzuri. Mvinyo ukitiwa kitu ili ugeuke siki, yeye hasemi umetwahirika, kwa hoja kwamba kile kilichotiwa kilikwisha kunajisika kwa kuugusa mvinyo, na sasa kimo ndani ya siki kikiinajisi. Yaani kisafishaji nacho huchafuka. Hivyo ndivyo ilivyo katika safu ile ya vyombo. Chumvi huganda kwenye mabomba na kuyaziba mpaka yaoshwe. Maji yaliyovukizwa, ambayo kwa macho ni safi, hutoka na methanoli na gesi za salfa, nayo hutaka mtambo wake wa kuyasafisha. Hesabu haifungwi, hupungua tu, na mwenye kudai kwamba imefungwa hajatazama bomba la mwisho.

Kuna atakayesema: haya yote hufanywa kwa ajili ya faida, maana dawa ni ghali na mvuke ni mali, sasa utukufu uko wapi katika tamaa? Nakubali sehemu ya kwanza. Lakini fikihi yenyewe imetenganisha mambo haya mawili: udhu wa Mshafii hausihi bila nia, ilhali kuondoa najisi hakuhitaji nia. Nguo ikipigwa na mvua mpaka najisi ikatoka, imetwahirika, hata kama mwenyewe alikuwa amelala. Mto nao hauulizi nia. Udhaifu wa faida ni mwingine: huishia pale inapoishia bei. Dawa ya kupikia hurudishwa yote inayowezekana, na gesi yenye harufu ya yai bovu, isiyo na mnunuzi, hukumbukwa mwisho.

Pingamizi zito zaidi limo katika historia ya mtambo huu. Aliyebuni hila ya vyombo vya safu ni Norbert Rillieux, mwana wa mwanamke huru mwenye asili ya Kiafrika, mzaliwa wa New Orleans mwaka 1806, aliyesomea uhandisi Paris. Hataza yake ya mwaka 1843 ilihusu sukari. Kabla yake, watumwa wa Louisiana walikuwa wakichota kwa kata utomvu wa miwa unaochemka, sufuria hadi sufuria, wakiungua. Mtambo uliondoa makata, utumwa haukuondoka. Mabwana walihesabu mvuke kwa makini, na watu pia waliwahesabu, wakiwaandika katika daftari la mali. Hili linanilazimisha kurekebisha nilichosema. Kumiliki siko kukiri, maana wale mabwana hawakukana kwamba watumwa ni wao. Walichokikana ni dhima: kwamba mtu aliyeungua ana haki juu yao. Kwa hiyo taka si kitu kisicho na mwenyewe, ni kitu kisicho na mwenye dhima, na kiwanda kinaweza kurudisha kila gramu ya dawa huku kikimtupa mpikaji au jirani.

Mashafii wana hukumu juu ya moshi wa najisi pia: nao ni najisi, ila ukiwa kidogo husamehewa, kwa sababu mtu hawezi kuuepuka. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, magharibi ya Kenya, kilifanya kazi kando ya mto Nzoia tangu mwaka 1974 hadi kilipofungwa 2009, na kila aishiye upande upepo wa kiwanda cha namna hiyo unakoelekea anaijua ile harufu. Wataalamu huweka vipimo vya gesi na kusema kiasi hiki chavumilika. Huenda wako sahihi. Lakini msamaha wa mafakihi alipewa aliyefikiwa na moshi, ili swala yake isiharibike kwa jambo asilolitenda, na sijaona mahali walipompa aliyewasha moto.